Mkate wa zaatari si chapati: usiutie kwenye hotipoti

Kuna bwana mmoja wa hapa hapa Kikwajuni hanisalimii tangu Ramadhani. Alichukua tanurini kwangu mikate 40 ya zaatari saa kumi alasiri, akaipanga kwenye hotipoti mbili kubwa, akafunga. Adhana ya magharibi ilipolia, wageni wake wakafunuliwa kitu mfano wa tambara la kuoshea vyombo. Kijana akatumwa mbio Darajani kutafuta mikate ya ajemi. Laki na sitini aliyonilipa akaihesabu dhuluma, na mtaa mzima ukaambiwa.

Si wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Mkate huu, Walubnani (watu wa Lebanoni) wanauita manakishi, ni mwembamba, umepakwa zaatari, yaani majani makavu na ufuta, kwa mafuta ya zaituni, na unaokwa juu ya jiwe. Tanuri tunaliwasha kabla ya alfajiri, maana jiwe likiwa bado bichi mkate wa kwanza hadi wa kumi huharibika. Joto likifika kiasi cha nyuzi 350, mkate unaiva kwa dakika tatu au nne tu: chini unafanya ganda, juu unabaki laini. Ukiufungia ukiwa moto, mvuke unapanda mfunikoni, unageuka maji, unarudi kuudondokea. Chapati inaupenda mvuke huo, ndio unaoilainisha. Huu unauua. Ukiona tunakufungia kwa karatasi na mdomo tunauacha wazi, usidhani tumeishiwa mifuko.

Raha yake ni kuula hapa. Unakunjwa katikati ukiwa bado unafuka, ndani nyanya, tango, nanaa na zaituni mbili tatu, pembeni chai ya rangi. Sahani si lazima. Bi mkubwa mmoja huja kila Jumamosi, hukaa benchi la mlangoni, hula wake mpaka ukaisha ndipo aagize wa kuwapelekea wajukuu. Huwa simwambii kitu kuhusu hotipoti, yeye ndiye hunisaidia kuwakemea wengine.

Watu huuliza pia kwa nini mkate una mashimo mashimo, kana kwamba panya wamepita. Ni vidole vya fundi. Unga usipobonyezwa unavimba kama mpira, na mafuta yanamwagika pembeni. Jina lenyewe, manakishi, linatokana na kazi hiyo ya vidole, mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi neno nakshi, hizi za milango ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo ukirejesha mkate kwa sababu ya mashimo umerejesha nakshi. (Na ile rangi ya kijani si kuvu, jamani. Imesharejeshwa mara tatu kwa hilo.)

Sasa bei. "Elfu nne! Kwa elfu nne nanunua boflo ngapi?" Nyingi, tena boflo ni tamu, na mimi naila. Lakini boflo haina mafuta ya zaituni. Zaatari ni majani makavu ya mlimani, ufuta, chumvi na sumaki, tunda jekundu lililosagwa, uchachu wake unakaribia ukwaju. Ufuta unapatikana kwetu, Lindi na Mtwara. Majani, sumaki na mafuta ya zaituni vinasafiri mpaka vinifikie. Wapo wanaonambia, "Tia mafuta ya alizeti, nipunguzie elfu moja." Niliwahi kukubali, kwa khitma ya watu. Majani yakawa na ladha ya dawa, nusu ya mikate ikabaki kwenye masinia, na lawama zote zikanijia mimi. Mafuta hakuna aliyeyataja.

Anayetaka nafuu ya kweli ipo. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza mkate huu katika orodha ya urithi wa utamaduni, lakini huko Lubnani ni chakula cha asubuhi cha kila mtu, na watu wana desturi ya kwenda na zaatari yao kwenye tanuri la mtaa, wakalipia unga na moto. Hapa pia tunapokea. Wengi mnaletewa zaatari na jamaa zenu wa Maskati na Dubai, inalala kabatini mpaka inaingia unyevu wa masika. Ilete, utalipa elfu mbili.

Mkate ukikulalia, usiutie maikrowevu, utatafuna kandambili. Weka chuma cha chapati, moto mdogo, bila mafuta, dakika mbili, usifunike.

Na oda kubwa, tuambie saa ya kula, si saa ya kuchukua. Mwezi wa Ramadhani tutauokea karibu na adhana, na foleni itakuwepo, sikatai. Asiyeweza kusubiri nitampa wa nusu kuiva aumalizie kwake kwenye chuma.

Bwana wa hotipoti, fedha sirejeshi, mkate ulitoka hapa mzima. Ila benchi lipo, njoo asubuhi na mwanao, miwili ya kwanza juu yangu.