Shilingi ya waziri na maboma yetu

Mhariri,

Kila Aprili, Bunge la bajeti likianza Dodoma, mimi hukaa na simu ya mjukuu wangu na daftari. Ni mazoea ya kazi. Nilikuwa mhasibu katika serikali za mitaa hadi nikastaafu, na sikio bado linagutuka likisikia neno kasma, yaani fungu la fedha katika bajeti. Ninachosubiri si hotuba ya waziri bali ile saa Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi. Kifungu kinatajwa, wabunge wanahojiwa, ndiyooo, kinafuata kingine. Muda ukiisha inakuja gilotini, mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo.

Humo ndimo majengo ya ofisi zetu yanamopita. Hapa Mafinga wapo wanaodhani jengo la serikali hupelekewa muswada wake, ukasomwa mara ya kwanza, wadau wakaitwa kwenye kamati. Thubutu! Jengo ni mstari mmoja katika vitabu vya makadirio, kisha mistari yote inafungwa pamoja kwenye Muswada wa Sheria ya Kuidhinisha Matumizi ya Serikali. Bajeti yenyewe inapigiwa kura ya kuitwa majina, na kwa Ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likiikataa Rais anaweza kulivunja. Mbunge gani atahatarisha kiti chake kwa ajili ya jengo moja la Mufindi? Wa kubana abane mapema, kwenye vifungu.

Neno boma nalo limetugeukia. Enzi za Mjerumani na Mwingereza, boma ndiyo ilikuwa ofisi ya serikali yenyewe. Siku hizi ni kuta zisizo na paa. Lipo moja huku kwetu limefika kwenye linta, likasimama. Nondo zimechomoza juu zikiwa na kutu, mvua za masika zimekula plasta upande wa kusini, na ndani, panapotakiwa kuwa chumba cha mkuu wa idara, mtu amepanda maboga. (Yamestawi kuliko ya kwangu.) Wahusika wa ofisi hiyo wamepanga nyumba ya mtu. Masjala ni jiko. Nilipofuata karatasi zangu za mafao, dada wa masjala alilitoa faili juu ya sinki, akalipangusa kwa kanga, akaniambia, "Shikamoo baba, samahani, bomba linavuja."

Kodi ya nyumba ile inalipwa kila mwaka kutoka matumizi mengineyo, fungu la kuendeshea ofisi, na hakuna anayeishangaa kwa kuwa kila mwaka ipo. Fedha ya jengo ndiyo yenye mikosi. Inaidhinishwa Juni, inafika mwakani Mei, zabuni haijakamilika, Juni 30 inarudi Hazina. Ikiombwa tena, saruji imepanda bei na makadirio ya fundi hayatoshi hata kwa mbao, nasi tunaishi mlangoni mwa msitu wa Sao Hill.

Ombi langu kwa wabunge wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ni hili. Makadirio ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, yakifika, mmoja wenu ashike shilingi ya mshahara wa waziri, yaani auzuie usipitishwe hadi apate majibu, na asiiachie kwa ile ahadi ya "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Adai orodha ya maboma ya ofisi, kila moja na mwaka lilipoanza, fedha iliyokwisha kuzama na kodi inayolipwa huku likisubiri. Orodha ikishasomwa ndani ya Bunge, ndipo tuzungumze majengo mapya. Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, Songwe 2016. Mahitaji mapya yapo, siyakatai.

Na anayetaka kuliona hilo la kwetu kabla ya Aprili, si mbali na barabara kuu. Aje na mabuti, njia ina tope.

Mhasibu mstaafu,
Mafinga, Iringa