Watu wazima wenye Down wapimwe

Ndugu Mhariri,

Hapa Ujiji akizaliwa mtoto mwenye Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, majirani huuliza mama alikosa nini. Hakukosa kitu. Mtoto ana nakala tatu za kromosomu ya 21, uzi wa urithi ndani ya seli, badala ya mbili, jambo lililojulikana tangu 1959, na mara nyingi hutokea kwa bahati tu wakati yai linapoundwa. Uchawi haumo.

Kinachoniumiza zaidi ni ukubwani. Kromosomu hiyohiyo imebeba jeni ya protini inayozaa amiloidi, uchafu unaorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu. Kwa hiyo wengi wenye Down wakifika miaka 40 ubongo tayari una marundo hayo, na usahaulifu huweza kuanza wakiwa na miaka 50 na kitu. Nyumbani tunasema amekuwa mkaidi, anafungiwa ndani. Wakati mwingine ni tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, imelegea, au masikio hayasikii, na hayo yanatibika!

Naziomba hospitali za mkoa wetu, kuanzia mjini hadi Kasulu na Kibondo, ziwapime watu hawa kila mwaka hata baada ya utoto. Na sisi wazazi tuulizwe mapema nani atawatunza tukishazeeka.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma