Mwaka wa Kupima Vipimo: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Nianze kwa kuwashukuru mliofika, hasa mliosafiri usiku kucha kwa basi ili kuokoa nauli. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi sizigusi, ila niseme tu kwamba ada za robo ya mwisho zimesuasua, na wanaohusika wanajijua.

Muda wangu naomba niutumie kwa kazi mliyotutuma mwaka jana: kulinganisha nchi za Ulaya tunamoishi, tujue zipi kweli zimewafungulia wananchi data za serikali. Ndugu zetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotuomba ushauri wanastahili kusikia zaidi ya "huku wamefanya." Kenya yenyewe ilizindua tovuti yake ya data huria, yaani data ambazo yeyote anaweza kuzichukua na kuzitumia, Julai 2011, miezi kadhaa kabla ya Ufaransa kuzindua ya kwake.

Nilidhani ni kazi nyepesi, maana vipimo vipo tele. Shirika la World Wide Web Foundation walianza kipimo chao, Open Data Barometer, mwaka 2013. Open Knowledge Foundation walikuwa na orodha yao, OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, wana ya kwao iitwayo OURdata, na Tume ya Ulaya tangu 2015 hutoa ripoti ya ukomavu wa data huria. Tukaziweka zote mezani, na ubishi ukaanza hapo hapo. Kwa Barometer, Uingereza ndiyo iliyoongoza. Kwa OECD, mwaka 2023, Korea Kusini iko mbele, Ufaransa nyuma yake, kisha Poland. Kwa Tume ya Ulaya, mwaka 2024, Ufaransa imepata asilimia 100, Poland 98, Ukraine 97. Mwenzetu mmoja wa Ujerumani akauliza: nchi iliyo vitani inampitaje Mjerumani na mafaili yake yaliyopangwa kwa rangi? Tulicheka, lakini swali lilibaki.

Jibu ni kwamba ripoti ya Tume huanzia kwenye dodoso linalojazwa na maofisa wa nchi husika: wana sera gani, tovuti yao ikoje, data zina ubora gani, zimeleta manufaa gani. Watafiti huyapitia majibu, hilo nalikiri. Hata hivyo mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ofisa aliyelijaza dodoso hilo miaka mitatu mfululizo anajua swali lipi lina alama nyingi. Siwadharau Waukraine. Walijenga Prozorro, mfumo unaoweka zabuni za umma hadharani, na kuna nchi tajiri ambazo hazijafika hapo. Uvamizi wa 2022 ulipoanza, walifunga baadhi ya sajili kwa sababu za usalama, na nani angewalaumu? Ila alama moja ya jumla haiwezi kukusimulia yote mawili.

Orodha ya Open Knowledge Foundation ilikwenda kinyume. Watu wa kujitolea walichukua data moja moja, kama vile bajeti ya taifa, sajili ya kampuni, umiliki wa ardhi na hali ya hewa, wakauliza: inapatikana bure? Kompyuta inaweza kuisoma? Leseni inaruhusu kuitumia? Toleo la 2016/17, Taiwan ikiwa ya kwanza, ndilo lililokuwa la mwisho. Web Foundation nao wamefunga milango mwaka 2024. Barometer imeacha mrithi, Global Data Barometer, uliotoa toleo lake la kwanza mwaka 2022, lakini si wa kila mwaka. Linalonisumbua ni hili: jicho la mtu wa nje linazidi kuwa adimu, na vinavyoendelea kwa uhakika ni vipimo ambavyo serikali hujaza zenyewe.

Ndiyo maana kamati iliamua kuacha nafasi za nchi kwenye orodha na kufuata vitu vyenyewe. Tulichagua vitatu tu: anwani, sajili ya kampuni na hali ya hewa. Nitakaa zaidi kwenye anwani, kwa sababu hapo ndipo tulipojifunza.

Denmark iliamua mwaka 2002 kwamba anwani rasmi za nchi zitolewe bila kuuzwa. Tathmini ya mamlaka zao wenyewe, iliyotoka 2010, ilionyesha faida ya takriban euro milioni 62 kwa miaka ya 2005 hadi 2009, huku gharama ikiwa kama milioni 2. Gari la wagonjwa, kampuni ya bima, mtengeneza ramani, wote wakawa wanasoma anwani ile ile. Uingereza, katika mwaka ule ule wa 2013 ilipotangazwa mshindi wa Barometer, iliibinafsisha Royal Mail, shirika lake la posta, na faili la anwani na misimbo ya posta likaenda pamoja nayo. Kamati ya bunge ilikuja kuulaumu uamuzi huo, lakini faili lilikuwa limeshaondoka. Hadi leo anayelitaka lote analipia leseni. Mshindi wa dunia, na hana anwani za kukupa!

Lakini msiibeze Uingereza. Kwenye sajili ya kampuni, Companies House, ofisi inayosajili kampuni huko, wametoa data zao bure tangu 2015, na unaweza kupakua orodha nzima ya kampuni kwa mkupuo. Ujerumani ilifuta ada za sajili yake Agosti 2022, ila unatafuta kampuni moja moja, na masharti yanakukataza kupita mara 60 kwa saa. Zote mbili ni "bure."

Kuhusu hali ya hewa sina mengi: Wanorwe wanatoa bure kupitia Yr, huduma yao ya utabiri, tangu 2007, na Wajerumani walibadilisha sheria yao mwaka 2017 ili nao watoe bure.

Waliokuwepo kwenye kikao cha Februari, jikoni kwa katibu, watakumbuka faili la vituo vya basi kutoka tovuti moja iliyosifiwa sana, ambayo sitaitaja. Tulilifungua, safu zote zikajibana katika safu moja, kwa kuwa wenyewe hutenganisha kwa nukta-mkato na koma wameitengea desimali. Tukarekebisha. Ndipo kila herufi ø ikageuka Ã¸, na majina ya vituo yakasomeka kama matusi. Ilituchukua saa moja na nusu, na chai ikapoa. Hakuna dodoso lililouliza habari za chai hiyo.

Mwaka ujao tuna pa kushika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/138, iliyoanza kutumika 9 Juni 2024, inazidai nchi wanachama zitoe bure, isipokuwa kwa vighairi vichache, data za makundi sita: ramani, mazingira, hali ya hewa, takwimu, kampuni na usafiri. Napendekeza kila mwanachama achukue nchi anayoishi na kundi moja, ajaribu kupakua mwenyewe, aandike alichokiona na muda uliomtoka.

Fomu za kujiandikisha ziko kwa katibu. Ureno na nchi tatu za Baltiki bado hazina mtu.