Kusoma somo moja moja si uzembe

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na moja bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wanafunzi "wanaozeekea vyuoni" imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ametuita wazembe tunaoharibu hesabu ya wahitimu, na hakumuuliza hata mmoja wetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina stashahada, nasomea shahada ya ualimu kwa fedha yangu. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na krediti moja huhesabiwa saa kumi za kazi. Kwa hiyo somo la krediti kumi ni saa mia. Saa hizo nazitafuta baada ya kusahihisha madaftari ya watoto 94, kupika, na kuwalaza wangu. Nalipia somo moja, nalimaliza, najikusanya, nalipia lingine. Uzembe uko wapi hapo?

Mwaka juzi nililipia Saikolojia ya Elimu peke yake, kwa sababu mwanangu alikuwa ameingia kidato cha tano na godoro, sare na nauli vilikuwa vimenimaliza. Siku ya mtihani niliondoka Sikonge usiku, nikafika Tabora mjini hakujapambazuka vizuri. Kitambulisho ninacho, stakabadhi ya benki ninayo. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha mara mbili: jina hakuna. Nenda ofisi ya mitihani. Ofisi imefungwa mpaka saa mbili na nusu, na mtihani unaanza saa tatu. Kijana aliyekuja kufungua akaniambia mfumo haumtambui mwanafunzi mwenye chini ya masomo matatu. Niongeze mawili au nisubiri. Nisubiri! Fedha yangu waliipokea tangu mwezi wa nane, majaribio mawili walinisahihishia, mfumo huohuo ukaniwekea alama 31 kati ya 40, halafu siku ya mtihani haunijui! Nilisimama koridoni nikisikia karatasi zinageuzwa ndani. Somo lile hutahiniwa mara moja kwa mwaka. Nilirudi Sikonge na kalamu zangu mbili zikiwa na vifuniko vyake, nikakaa miezi kumi na miwili, nikalipa upya.

Na mkitafuta uzembe, nendeni kwenye vile vibanda vya fotokopi nje ya mageti ya vyuo. Kuna vijana wanakaa na kompyuta wanawaandikia watu insha na hata tasnifu kwa malipo, mchana kweupe, na waandikiwa wanahitimu kwa wakati na kupigiwa vigelegele. Hao kwenye takwimu zenu ni wanafunzi bora. Jambo hili linaniuma kuliko lile la mtihani, maana watoto tunaowafundisha ndio watakaolipia.

Nchi hii ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na familia. Chuo ninachosoma ni kingine na jina lake naliacha, lakini wazo lile lilikuwa sahihi na vyuo vyote vingeweza kulifuata. Uingereza, anayesoma kidogo kidogo katika chuo huria chao akifikisha krediti 120 anaweza kuchukua cheti kinachotambulika, hata maisha yakimkatiza hapo. Chuoni kwetu, ukiishia somo la 35 kati ya 36 unatoka mikono mitupu.

Naomba haya: orodha ya watahiniwa ibandikwe siku saba kabla, na mwenye somo moja awemo. Cheti kitolewe kwa masomo 12, yaani krediti 120. Na siku za mitihani, mtu mwenye kalamu na mamlaka akae ofisini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aandike kwa mkono jina la kila mwenye stakabadhi. Nina mtihani mwingine muhula huu. Saa hiyo nitakuwa mlangoni.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Sikonge, Tabora