Barua kwa mpwa wangu: ile kofia ya Usita wa Mui

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu, anasema unarudi Lamu Disemba, safari hii na wenzako watano. Karibuni sana, vyumba vya juu vyote ni vyenu. Lakini kuna neno limenikaa kifuani tangu ulipoondoka, nami naliandika hadharani kwa kuwa wenzako nao watalihitaji.

Unaikumbuka ile kofia ya viua, ya vitundu vilivyoshonwa kwa mkono? Alasiri ile, Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mzee aliyeiuza aliitaja shilingi 8,000. Ukampa 2,000. Akashuka, ukapanda, mkakutana kwenye 4,500. Mzee akaanza kuifunga kwenye gazeti. Hapo ukacheka, ukamwambia "nitakuja kesho", ukashika njia. Hukwenda. Niliyekwenda ni mimi, kumtaka radhi.

Kwetu, bei uliyoitamka umekaa kwenye baraza la mtu ni ahadi. Hakuna anayekulazimisha kuitaja. Ukipendezwa na kitu na huna nia ya kukinunua, sema "mashallah, kazi nzuri", upite zako. Hakuna atakayekuona vibaya. Lakini ukitaja kiasi na mwenyewe akaridhia, umeshanunua.

Tena kofia! Bibi yako alizishona mpaka macho yakamchoka. Kitambaa cheupe huchorwa kwanza, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kimoja. Kofia moja yenye nakshi nyingi huchukua miezi. Nikiwa mdogo nililala mara nyingi nikimwona ameinamia taa baada ya isha, midomo ikihesabu. Za mashine zipo, ni rahisi, na hazina ubaya, ila usichukue bei yake ukampimia aliyeshona kwa mkono. Muulize muuzaji ni nani aliyeishona na kwa muda gani. Mwenye kazi ya mkono hujibu papo hapo.

Wenzako watalalamika kwamba wanatajiwa bei ya mzungu. Ni kweli, hutajiwa, na mimi silipendi jambo hilo. Lakini sehemu ya bei hiyo haimfikii fundi. Kijana anayewapokea gatini na kuwapeleka dukani ana fungu lake, na fungu hilo hupandishwa juu ya bei. Basi nendeni wenyewe, asubuhi, mitaa ikiwa bado na ubaridi. Toeni salamu kwanza, mkae. Mkiletewa kahawa, mnywe. Ulizeni habari za mbao, za fedha, za uzi. Ndipo useme "nipunguzie". Kupatana bei si aibu, mimi mwenyewe napatana na wauza samaki kila siku. Ila mwezi wa Mei, kusi imevuma na hoteli nyingi zimefungwa, fundi huweza kukubali hata bei ya hasara kwa sababu nyumbani watoto wanataka kula. Aliyembana siku hiyo asije akajisifu mbele yangu.

Vingine vya kutazama ni makubadhi ya ngozi ya Siyu, mikeka ya Matondoni, na pete za fedha zilizotiwa vipande vya sahani kuukuu za kaure. Gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, msiguse. Na mtu akikuita pembeni akuuzie mlango mkongwe, kataa: milango na miimo iliyonakshiwa kabla ya 1946 inalindwa na sheria ya mwaka 2006. Mafundi wetu wapo, wanachonga mipya, na ukiagiza mmoja umemlisha mtu na wanagenzi wake.

Ile kofia niliinunua mimi, kwa 4,500 zile zile mlizopatana. Iko kabatini, bado imo ndani ya gazeti lake. Ukifika uivae, twende wawili ukamwamkie mzee.

Mjomba wako,
Lamu