Kabla hujaagiza samaki wengine

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani, na pole kwa hasara. Unasema samaki sita kati ya wanane wa tangi lako la maji ya bahari wamekufa ndani ya siku tano, vipimo vya maji vinasoma vizuri, na mtu wako wa Dar es Salaam yuko tayari kukupakilia wengine Ijumaa. Mwambie asubiri. Asiingie samaki hata mmoja kwenye tangi hilo mpaka ujue waliotangulia wamekufa kwa nini, maana kilichowaua huenda bado kimo humo humo.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, kumbe ndilo kubwa: kamba wapo, konokono wanatambaa, matumbawe yamefunguka. Maji yakiingia sumu, hao ndio hutangulia. Shaba, dawa ya mbu ya kupuliza, kutu kutoka kwenye sumaku ya kufutia kioo iliyopasuka ganda lake, vyote hivyo humwangusha kamba kabla ya samaki. Kwa hiyo kesi ya sumu naifunga. (Dawa ya mbu lakini isipuliziwe chumba hicho hata siku moja. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuishindilia majini.) Nitriti (zao la amonia) ya 0.2 iliyokutisha pia iache. Kwenye maji baridi ni hatari kweli, ila kwenye maji ya bahari kloridi ni nyingi mno na huizuia isipenye kwenye matamvua anayopumulia samaki.

Wanabaki watuhumiwa wawili, ukosefu wa oksijeni na ugonjwa.

Oksijeni kwanza, kwa sababu Tabora si pwani. Mji wenu uko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya chumvi kwa asili yake hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwenye nyuzi 26, maji ya bahari kule Dar yakishiba hubeba kama miligramu 6.6 kwa lita. Kwako hayafiki 6. Mchana mwani na matumbawe huongeza, usiku vyote hupumua na kupunguza, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa ni alfajiri. Umeme ukikatika saa nane usiku, samaki mkubwa ndiye anayetangulia, na unamkuta asubuhi mdomo wazi, matamvua yametanuka, mwili safi bila doa. Kangaja, yule samaki wako mkubwa, alikufa hivyo, na sitashangaa ikiwa ni umeme. Elekeza pampu ya mawimbi juu mpaka uso wa maji uvunjike, skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) ifanye kazi usiku kucha, na utafute pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika. Chujio la kopo, lile lililofungwa nje ya tangi, lililozimika kwa saa kadhaa usiliwashe hivi hivi; mwaga kwanza maji yaliyomo, kwani bakteria waliokosa hewa humo ndani huoza na uchafu wao wote hutupwa kwenye tangi kwa mkupuo.

Lakini wale watano waliofuata hawakufa alfajiri. Umesema walikimbia mwanga, wakasimama mbele ya pampu, wakapumua haraka haraka, na wakafa mchana mmoja baada ya mwingine. Hiyo ni sura ya Amyloodinium, kimelea kinachoanzia kwenye matamvua. Samaki anaweza kufa kabla hujaona chochote kwenye ngozi. Ukibahatika, utaona vumbi laini la rangi ya dhahabu ukimulika tochi kwa ubavuni. Cryptocaryon, kimelea kingine, hutoa punje nyeupe zinazohesabika, kubwa kama chumvi, na huua polepole zaidi. Akifa mwingine, mtoe ndani ya saa moja, kata kipande cha utamvua, kiweke kwenye kioo na tone la maji ya tangi, ukitazame kwa hadubini ya shule yoyote ya sekondari kwa ukuzaji wa mara 40 hadi 100. Amyloodinium huonekana kama vifuko vyeusi vya mviringo au umbo la yai vilivyong'ang'ania nyuzi za utamvua. Ukichelewa, utamvua huoza na hutaona kitu.

Sasa kwa nini nakukataza kununua. Kimelea kikishiba hudondoka kutoka kwa samaki, hujifunga kwenye kifuko juu ya mchanga au jiwe, na hugawanyika mpaka kutoa watoto hadi 256 wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Wasipompata, hufa. Dawa ya tangi ni njaa: likae bila samaki. Kwa Amyloodinium wiki 6 zinatosha, kwa Cryptocaryon wafugaji hungoja siku 76, nawe kwa kuwa hujathibitisha ni kipi, shika 76. Kamba, konokono na matumbawe wabaki. Vimelea hivi haviishi kwao. Kila siku ya pili au ya tatu tupia chakula kidogo ili kamba wale na bakteria wanaosafisha maji wasife njaa.

Wale wawili waliobaki wahamishie tangi la karantini la lita 60 hadi 80. Lisiwe na mchanga wala jiwe, kwa sababu chokaa iliyomo humo hunywa shaba utakayotia kama dawa na kipimo chako kitakudanganya kila siku. Kata vipande vya bomba la PVC la inchi mbili wajifiche. Weka hita, pampu ya hewa, na chujio la sponji lililokaa kwenye sampu (tangi dogo la chini la kuchujia) ya tangi kubwa wiki 3 au 4 likapata bakteria. Kwa sasa huna muda huo, basi pima amonia kila siku na badilisha maji kwa wingi. Tangi hilo likae angalau mita 3 mbali na kubwa, maana matone yanayorushwa na pampu ya hewa hubeba kimelea. Nyavu, ndoo na mikono iliyolowa visitumike pande zote mbili.

Dawa ya samaki hao ni shaba. Ikiwa ni ile iliyofungwa kikemikali, ipandishe taratibu kwa siku 2 au 3 hadi miligramu 2.0 mpaka 2.5 kwa lita, ushikilie hapo siku 30, ukipima kila siku kwa kipimo kinachosoma shaba ya aina hiyo. Maji mapya ya kubadilishia yaingie yakiwa tayari na shaba ya kiwango kilekile. Ikishuka hata siku moja, hesabu huanza upya. Usichanganye na dawa ya kuondoa amonia au klorini, kwani baadhi ya hizo huiachilia shaba iliyofungwa na samaki hufa ndani ya saa chache. Wapo watakaokushauri ushushe chumvi mpaka uzito wa maji, ukilinganishwa na maji matupu, uwe 1.009. Njia hiyo inafanya kazi kwa Cryptocaryon, Amyloodinium haijali.

Kuhusu maji. Refraktomita yako (kifaa cha kupimia chumvi) isahihishe kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35 kwa elfu, si kwa maji matupu. Kinachokauka ni maji, chumvi hubaki, kwa hiyo unarudishia maji baridi safi tu. Kiangazi cha Tabora si mchezo: tangi la lita 300 likipoteza lita 5 kwa siku na usirudishie wiki nzima, chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 40. Maji ya bomba yapitishe kwenye kichujio cha osmosisi na resini mpaka kipimo cha madini kisome 0. Usiniombe nikutumie madumu ya maji ya Tanganyika. Ni safi na pH yake imezidi 8.5, ndiyo maana yanawadanganya wengi, lakini alkalini yake ni zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa na matumbawe. Ukitia chumvi ya akwaria humo, kalsiamu huganda na kutua chini kama unga. Na chumvi ya Uvinza tuiachie jikoni. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu, haina magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano wa bahari. Chumvi ya akwaria, kwa ndoo ya lita 20, ni gramu 720 hivi. Koroga kwa pampu saa 24 kisha pima.

Siku 76 zikipita, agiza samaki wawili tu, wadogo na wapole, kwa mfano jozi ya Amphiprion, samaki wa anemoni. Bakteria wamepungua, wape wiki 3 au 4 wakue kabla ya kuongeza. Wagomvi waje mwisho, na kangaja usirudishe. Lita 300 ni finyu kwake. Kila mgeni apite karantini siku 30 hata akionekana mzima. Muulize muuzaji amevuliwaje. Wa utupa au sumu nyingine hula vizuri siku mbili tatu, kisha anaanguka bila sababu unayoweza kuiona.

Siku ya kupokea, usiwadondoshee maji kwa mpira saa nzima kama tulivyozoea. Samaki aliyesafiri usiku kucha kwenye mfuko amejaza amonia, lakini hewa chafu aliyoitoa imeshusha pH na kuifanya isiwe kali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu palepale. Mwombe muuzaji akutajie chumvi ya maji yake mapema, tayarisha karantini iwe sawa na hiyo, elesha mfuko dakika 20 ukiwa umefungwa, kisha fungua na umwingize samaki mara moja. Maji ya mfuko mwaga.

Niandikie hadubini imeonyesha nini, na shemeji msalimie.

Wako,
Hamisi

Nyongeza: Mtu wa duka la pembejeo atakwambia mrututu nao ni shaba. Ni kweli, lakini shaba yake haijafungwa kikemikali, hivyo kiwango chake ni miligramu 0.2 kwa lita, si 2.0. Kwa lita 60 unahitaji miligramu 47 hivi tu ili kufika hapo, na unachoweza kubana kwa vidole viwili ni mara kadhaa ya hapo. Kama huna mizani ya kupima miligramu, usiuguse.