Mpaka wa Ziwa Nyasa usiachwe kiporo

Ndugu Mhariri,

Tangu mgogoro wa Tanzania na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa upelekwe kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, mwishoni mwa 2012, wausuluhishe, sisi wa mwambao tunaambiwa tutulie. Tumetulia, na mpaka bado haujulikani.

Malawi inasimamia Mkataba wa Heligoland wa Julai 1, 1890. Humo Mwingereza na Mjerumani waliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, ukazunguka kaskazini hadi Mto Songwe unapoingia ziwani. Kwa mstari huo, mama wa Liuli akiingia maji ya magoti kusuuza nguo, tayari amevuka mpaka. Kijana anayekwenda na taa usiku kuvua usipa yuko nchi ya watu tangu anaposukuma mtumbwi. Hakuna anayeishi hivyo huku kwetu, na sidhani kama ndugu zetu wa Nkhata Bay wanatutakia maisha hayo.

Hata hivyo hoja ya Malawi ina uzito, tusijidanganye. Azimio la Cairo la 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, aliyelipeleka mezani ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Serikali yake ikaja kudai rasmi mpaka upite katikati ya ziwa mwaka 1967. Kelele za "ziwa ni letu" hazitusaidii hapo. Kinachotusaidia ni Ibara ya 6 ya mkataba uleule wa Heligoland, inayoruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali. Tena jambo hilo limewahi kufanyika ziwa hilihili: mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilisogeza mpaka wa upande wa Msumbiji hadi katikati ya maji, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Lisbon na London ziliweza. Dodoma na Lilongwe zinashindwa nini?

Hofu yangu ni mafuta. Malawi ilipotoa leseni ya utafiti mwaka 2011, haukupita muda maneno ya vita yakaanza kusikika. Siku yakigunduliwa kweli, nani atakuwa na subira ya kujadili ufuko?

Naomba Serikali ituambie usuluhishi umefikia wapi. Ukiwa umekwama, twende Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, pamoja na Malawi, kila upande ukiwa umeahidi kutii hukumu. Nigeria ilishindwa kesi ya Bakassi mwaka 2002, na pamoja na manung'uniko mengi nyumbani, ikakamilisha kuikabidhi rasi hiyo kwa Cameroon mwaka 2008. Nasi tunaweza kushindwa, najua. Ndiyo maana, kabla ya kesi yoyote, nchi hizi mbili zisaini kwanza makubaliano ya uvuvi, usafiri na matumizi ya maji kwa watu wa pande zote. Zinakaa pamoja kwa ajili ya bonde la Songwe. Zikae na kwa hili. Hukumu ikija kutuendea vibaya, haki ya mama yule wa Liuli iwe imeshaandikwa.

Msomaji wenu,
Mbamba Bay